Godoro Lililokataa Kona

Chombo alichokitengeneza mume wangu kilifanana naye tabia. Kilikwenda kwa kelele, kwa kasi, na kokote isipokuwa pale ulipokiambia kiende. Ukikigeuza kulia, pua ilikubali, ikatazama kulia kwa adabu zote, lakini mwili uliendelea kwenda kulekule ulikokuwa unakwenda, ubavuubavu, kama mlevi anayeitwa na mkewe huku miguu inaelekea kilabuni. Siku ya kwanza ya majaribio nilikiona kikikatiza uwanja wa mpira wa Masumbwe namna hiyo, kikapita katikati ya goli bila kugusa mlingoti na kuishia kwenye kibanda cha muuza mihogo ya kukaanga. Watu walishangilia bao. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba msamaha.

Nieleze kwanza ni kitu gani, maana hata waliokiona hawakuelewa. Ni boksi pana la plaiwudi, bapa kama mlango uliolazwa, limezungushiwa sketi ya turubai pande zote. Injini ndogo ya pampu ya maji inapuliza upepo kwa chini mpaka sketi inavimba na boksi zima linanyanyuka. Nyuma kuna injini ya pikipiki inayozungusha feni kubwa ndani ya wavu, na hiyo ndiyo inayosukuma. Kikishanyanyuka hakigusi nchi, hakigusi maji, hakigusi tope, kinateleza juu ya upepo wake chenyewe. Ni jambo zuri mpaka utakapotaka kukata kona. Gari linashika barabara na mtumbwi unashika maji. Hiki hakishiki kitu, kwa hiyo na wewe huna pa kukishikia. Watu wa Masumbwe wakakiita Godoro, na jina likakaa.

Mume wangu ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha zake ziko Rwamgasa, ziko kwetu Mbogwe, ziko kila mahali ambapo watu wametoboa ardhi na kuweka matumaini humo. Fundi wa karasha anaamini jambo moja tu maishani, nalo ni chuma kinene. Kwake kitu chepesi ni kitu ambacho bado hakijaisha kutengenezwa. Usukani wa kwanza wa Godoro, yaani lile bawa linalosimama nyuma ya feni ili kugeuza upepo, aliutengeneza kwa bati la karasha. Ulihitaji wanaume wawili kuufunga. Godoro lilipowashwa, upande wa mbele ulinyanyuka, upande wa nyuma ukabaki umekaa chini kama kuku anayetaga.

"Ni zito kidogo," akasema.

Mimi ni fundi nguo. Sketi ya Godoro niliishona mimi, kwa cherehani ya kukanyaga, na sindano nilizovunja kwenye lile turubai sitaki hata kuzikumbuka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sikuhusika. Nilihusika, nilicheka, na nilikasirika, na mara nyingi yote matatu yalikuja kabla ya chai ya saa nne.

Sasa niseme kwa nini watu wazima wenye kazi zao waliingia kwenye mambo haya. Kati ya Masumbwe na kwa mama yangu, upande wa Shinyanga, kuna mbuga. Kiangazi ni udongo mweusi uliopasuka, ng'ombe wanapita, pikipiki zinapita, mimi mwenyewe nimewahi kuikatiza na cherehani kichwani. Masika inajaa maji, na si maji ya kueleweka. Ni machache mno kwa mtumbwi, unakwama kwenye nyasi. Ni mengi mno kwa pikipiki. Na chini yake kuna tope linalovua watu viatu na kuvua mikokoteni magurudumu.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho huja hospitali yetu mara moja kwa mwaka, wanakaa siku chache, wanafanya upasuaji, wanaondoka, na ratiba yao huwaleta masika. Mwaka ule wa kwanza wapwa zangu walijaribu kumvusha mama kwa kitanda. Mama yangu ni mwanamke mkubwa, na nasema hivyo kwa heshima. Walizama mpaka mapajani hata hawajafika katikati, wakaanza kugombana ni nani anayelegeza, na mama akiwa amelala pale juu na shuka lake akawaambia wamrudishe nyumbani, kwa sababu kama ni kuzama alitaka azame akiwa amesimama. Wakamrudisha. Madaktari wakaondoka.

Kiangazi jicho la kushoto likaanza kumuuma, likawa jekundu, akawa hapati usingizi. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa presha imepanda ndani ya jicho na lile limekwisha, hakuna cha kufanya. Limebaki la kulia, na hilo likicheleweshwa litakwenda njia ileile. Nililia pale kwenye benchi bila aibu yoyote. Jicho la mama yangu lilikufa kwa sababu ya nyasi na tope, na mtu wa kumlaumu hakuwepo, na hasira isiyo na mtu wa kumlaumu ni mbaya kuliko zote.

Wiki ileile mume wangu alianza kukata plaiwudi. Hakusema ni kwa ajili ya mama. Alisema ameona chombo kama kile kwenye simu na anataka kujaribu. Nami nikajifanya nimeamini.

Kwa hiyo tulikuwa na kiangazi chote cha kulifundisha Godoro kona. Baada ya usukani wa chuma kushindwa, mume wangu alikwenda kwa mzee wa duka la vifaa, yule ambaye babu yake alikuja kutoka Gujarat na yeye mwenyewe anaongea Kisukuma kunishinda. Mzee alicheka mpaka akakaa. Kisha akatupa bango lake la zamani la bati jembamba, akasema tukate. Tukapata mabawa matatu mepesi, tukayasimamisha karibu kabisa na feni badala ya moja kubwa lililokaa mbali. Hapo pua ikaanza kusikia amri. Kasoro ni kwamba Godoro lilipogeuka, mji mzima ulisoma "misumari" kwenye bawa moja, "rangi" kwenye la pili na "karibuni" kwenye la tatu.

Lakini tatizo kubwa lilibaki. Usukani unafanya kazi kwa upepo wa feni, kwa hiyo ukipunguza mafuta ili upunguze mwendo, unapunguza na usukani. Yaani pale unapoogopa ndipo unaponyang'anywa uwezo wa kugeuka. Rafiki wa mume wangu, dereva wa bodaboda, ambaye alijiteua kuwa rubani wa majaribio kwa sababu hana mke wa kumkataza, alilijua hilo kwa mwili wake. Alipoona ukuta wa shule unamjia, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, akaachia mafuta. Godoro likaendelea kwenda ukutani kimyakimya.

"Usiachie!" mume wangu akapiga kelele. "Ongeza!"

"Niongeze nikiwa naenda kufa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, lakini jibu lilikuwa ndiyo. Ilituchukua muda kuelewa kwamba Godoro haligeuzwi kama pikipiki. Unaligeuza mapema, mbali kabisa, kabla hujahitaji kona. Unaelekeza pua pale unapotaka, halafu unasukuma kwa nguvu na kusubiri lile tako la nyuma lichoke kwenda upande wake. Anayetaka kusimama inabidi alizungushe lote litazame lilikotoka na asukume kinyume. Na kama yote yameshindikana, zima injini ya chini. Sketi inalegea, boksi linakaa, linasimama kama punda aliyekataa.

Mume wangu akaongeza minyororo. Kila upande wa nyuma alining'iniza kipande cha mnyororo wa trekta kwa kamba. Ukivuta kamba ya kulia, mnyororo wa kulia unashuka na kuburuza, upande huo unachelewa, na Godoro linajipinda kuelekea huko. Kwenye nyasi ilifanya kazi vizuri sana. Aliifurahia mpaka akawa anaiota. Majaribio yote tuliyafanya uwanjani, na kwenye siti, siti moja ndefu ya pikipiki iliyofungwa katikati kabisa ya boksi, tulipakia kiroba cha mawe ya karasha badala ya abiria. Kiroba kilikaa pale nyuma ya dereva, kimemgusa mgongo, bila kulalamika. Wanaume walikipima, wakakizungusha, wakapeana mikono. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mama mkwe si kiroba.

Masika yalipokaribia, nilikwenda kwa mama mapema, maana alikataa kuhama nyumba yake kabla madaktari hawajaja, ili wakifika nimlete kwa gari tukizunguka kupitia Segese. Huo ndio ulikuwa mpango halisi. Godoro lilikuwa la kujihami tu, na mimi kusema kweli niliomba lisihitajike. Basi mvua ikanyesha kama imetumwa, ikasomba kalavati la ile barabara ya kuzunguka, na magari yakasimama pande zote mbili yakitazamana. Madaktari walikuwa wameshafika. Nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, nikampigia mume wangu.

"Wanaondoka lini?" akauliza.

"Kesho asubuhi wanawafungua bandeji wa mwisho, halafu wanaondoka. Upasuaji mwisho leo."

Akakata simu. Baadaye kidogo tukalisikia. Godoro unalisikia kabla ya kuliona, na unaliona kabla ya kuamini. Lilikuja juu ya maji ya mbuga limezungukwa na manyunyu, bata mwitu wakiruka pande zote, likapinda kwa mnyororo wa kushoto, likapanda ukingoni na kukaa kwenye nyasi karibu kabisa na tuliposimama. Kijiji kizima kilikuwa pale. Mume wangu akashuka, amelowa na anang'aa kwa furaha. Kisha akamwona mama yangu, na furaha yote ikamtoka. Akageuka akatazama miti.

Kwetu baba mkwe ni baba, lakini mama mkwe ni jambo jingine. Mkwe wa kiume hamshiki mkono, hali naye, hakai naye mkeka mmoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Mume wangu akienda kwa mama hukaa nje ya uzio na kusalimia upande, na mama hujibu kutoka ndani akiwa amejifunika khanga. Ni heshima. Inachosha, lakini ni heshima, na nimeikuta ipo.

"Mwambie mama shikamoo," mume wangu akauambia mti. "Mwambie nimeleta usafiri."

"Mwambie mkwe marahaba," mama akasema. "Nimeusikia. Hata waliokufa wameusikia."

Nikamshika mama mkono. "Mayu, twende ukapande."

"Nakaa wapi?"

"Kwenye siti. Nyuma ya dereva."

"Dereva ni nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikamtazama mume wangu, na kisogo chake kilionyesha kwamba naye ameelewa. Kiangazi chote. Wanaume wazima, wengi wao wana mama wakwe wanaowakimbia, walikaa wakapima uzito na upepo na minyororo, wakatengeneza chombo cha kumvusha mama mkwe chenye siti moja ya kumkalisha mama mkwe mgongoni kwa mkwe wake.

"Ni baba watoto," nikasema.

"Yaya," mama akasema. Yaya kwa Kisukuma ni hapana, na ya mama ilikuwa hapana isiyo na mlango. "Nimkumbatie mkwe kiuno? Mbele ya kijiji?"

"Mayu, ni macho yako."

"Ni macho yangu na ni mkwe wangu. Nikishapata kuona nitamtazama nani usoni baada ya hapo?"

Wazee wakajadili. Watu wa kwetu wakiwa na haraka wanajadili kwa haraka, lakini wanajadili. Ikaamuliwa kwamba mama akae mbele kabisa, puani, kwenye kigoda, amegeukia mbele, amejifunika, na mkwe akae nyuma kabisa, na kati yao pawe na nafasi ya kutosha heshima kupita. Kila mtu akaridhika isipokuwa mimi, lakini nilikuwa nahesabu saa, nikanyamaza.

Nitakumbuka mpaka nife kilichofuata. Mama yuko puani na kigoda chake. Mume wangu yuko nyuma, ameshika usukani, na hawezi kutazama mbele kwa sababu mbele yuko mama mkwe. Anatazama pembeni. Anaendesha chombo kisicho na breki kuingia majini huku anatazama mbuzi wa jirani. Godoro likanyanyuka nyuma, mbele likagoma, maana uzito wote ulikuwa puani. Likaingia majini, pua ikachota kama kata, maji yakamwagika mapajani mwa mama, nyuma ikaruka, na chombo kizima kikazunguka kama pia. Mama aliita jina la mama yake. Mume wangu akazima kila kitu kilichokuwa na swichi.

Tulimtoa mama amelowa mpaka kiunoni. "Nirudisheni nyumbani," akasema, na safari hii hakusema kwa utani. "Imetosha. Giza nimeshalizoea."

Hakuwa amelizoea. Nilikuwa nimeishi naye wiki nzima, nikamwona akipapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe, nikamwona akikaa na mjukuu mapajani akimshika uso kidole kwa kidole ili ajue anafanana na nani. Nilikasirika nikaona nyota. Nilimkasirikia mume wangu, na wazee, na mila, na madaktari, na kalavati, na zaidi ya yote nilikasirikia lile sanduku la plaiwudi lenye sketi niliyoishona mimi.

"Shuka," nikamwambia mume wangu.

"Unataka nini?"

"Shuka, nitaliendesha mimi."

Niliwahi kuliendesha uwanjani mara chache wakati wa kupima sketi, kwa sababu fundi nguo lazima aone nguo ikivaliwa. Majini sijawahi. Mume wangu akashuka. Akaanza kunipa maelekezo yote kwa pamoja, kona mapema, usiachie mafuta, mnyororo wa kulia unakwama, vuta mara mbili, na sauti yake ilikuwa inapasuka. Sikuwahi kumwona akiogopa hivyo. Nikampandisha mama nyuma yangu, kwenye siti ileile, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili na kunibana mpaka nikakosa pumzi.

"Twende," akasema. "Nisije nikapata akili."

Nikaongeza mafuta. Safari hii uzito ulikuwa katikati, na Godoro likanyanyuka sawasawa, likaingia majini kama linaingia sokoni. Nyasi zililala mbele yetu. Kwa kitambo niliona kumbe si jambo gumu, nikaanza hata kujisifu moyoni. Halafu nikaona kichuguu.

Mbuga yetu ina vichuguu vikubwa, na masika vinabaki vimetokeza majini kama visiwa. Hiki kilikuwa mbele yangu kabisa. Nikageuza usukani kulia. Pua ikaenda kulia kwa adabu, kama kawaida yake. Mwili ukaendelea kwenda kichuguuni. Nikavuta mnyororo wa kulia, ukashuka, na haukugusa kitu, kwa sababu pale katikati ndipo mkondo unapopita na maji yana kina. Kiangazi chote tulijaribu minyororo kwenye nyasi, na uwanja wa mpira hauna kina.

"Kuna nini?" mama akauliza. Alisikia mwili wangu umekuwa jiwe.

"Kichuguu!"

"Unataka kwenda wapi?"

"Kinatujia, mayu!"

"Sijauliza kinachokuja! Nimeuliza unataka wapi!"

Hiyo ilikuwa ni sauti ya shambani. Mama alishika plau miaka mingi, yeye nyuma ya plau na sisi watoto tukiongoza maksai mbele, na nilipokuwa mtoto nilikuwa naiogopa sauti hiyo kuliko maksai wenyewe.

"Kulia!" nikasema.

Mama akajitupa kulia. Hakuegemea, alijitupa, yeye wote, nikabaki nimening'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba. Upande wa kulia wa Godoro ukazama, sketi ikalala majini na kuyashika, na chombo ambacho hakijawahi kushika kitu chochote tangu kizaliwe kikashika maji na kujikunja kulia kama ng'ombe aliyevutwa pua. Kichuguu kikapita kushoto kwangu. Nilikinusa.

"Tayari?" mama akauliza.

"Tayari."

"Safari nyingine uniambie mapema. Usisubiri kulia machozi."

Kuanzia hapo tulikwenda hivyo. Mimi naona, nasema kulia au kushoto, yeye haoni, anajitupa. Usukani ule wa mabango ulikuwa unaonyesha pua njia, lakini aliyekuwa anakata kona ni mama. Niseme wazi, na aniwie radhi: wanaume walihangaika kiangazi chote na mabawa na minyororo, na usukani bora wa chombo chao ulikuwa ni makalio ya mama yangu. Katikati ya mbuga nilimsikia akicheka mgongoni kwangu, kicheko cha msichana, na mimi nikaanza kucheka naye huku machozi yananitoka, sijui ya nini.

Kusimama hatukusimama vizuri. Nilizima injini ya chini nikiwa nimechelewa, Godoro likakaa na kuburuzika mpaka ndani ya kitalu cha mpunga cha mtu. Rafiki wa mume wangu, aliyekuwa anatusubiri na bodaboda, aliruka mtaro. Mwenye kitalu alikuja na jembe na matusi yake yamejaa mdomoni. Kisha akamwona mama anashuka akipapasa hewa, khanga imelowa, jicho moja jekundu. Akayameza matusi, akamshika mkono mpaka barabarani. Mama akamshukuru, wabeja sana, akamuuliza mpunga wake ni wa aina gani.

Tulifika hospitali wakati wanafunga orodha ya siku. Nesi alitutazama, tope na manyoya ya bata, akauliza tumetoka wapi, nikamwambia ni habari ndefu. Wakamchukua mama. Jioni nikiwa nje ya chumba cha upasuaji simu ikaita.

"Ulikikwepaje kile kichuguu?" mume wangu akauliza. "Niliona kutoka huku. Ile si kona ya usukani. Sketi ililala?"

"Mama yangu yuko ndani wanamfungua jicho, wewe unaniuliza sketi?"

"Nauliza sketi kwa sababu naogopa kuuliza jicho," akasema.

Nikamsimulia sketi. Nilimweleza polepole, jinsi mama alivyojitupa na jinsi upande ulivyozama, naye akawa anaitikia kila neno, na nilijua kichwani ameshaanza kukata siti katikati na kuiwekea reli isogee pande zote mbili. Siku hizi iko hivyo. Dereva anasogeza siti kwa makalio na Godoro linakata kona kama lina akili, na abiria wana kiti chao peke yao, nyuma kidogo, kimegeukia kinyume. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Asubuhi nesi alimkalisha mama kwenye kiti karibu na dirisha, akaanza kubandua bandeji. Mimi nilisimama mbele yake nimekamata mfuko wa nguo kana kwamba kuna mtu anataka kuuiba. Mama alifumba, akafumbua, akafumba tena. Chozi likamshuka. Nesi akamwonyesha vidole, akauliza anaona nini.

"Kucha zinataka kukatwa," mama akasema.

Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kwa lile jicho moja jipya, muda mrefu, akapanda akashuka usoni kwangu.

"Umezeeka, mwanangu," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Lini?"

Nilipiga magoti nikaweka kichwa mapajani kwake, akanipapasa kichwa, na mkono wake bado ulikuwa na ile tabia ya mtu asiyeona, unatafuta kwanza ndipo unashika. Halafu mkono ukasimama. Nikainua uso nikaona anatazama nje ya dirisha.

Uani, kando ya ukuta, alikuwa amesimama mwanaume ametupa mgongo. Tope lilikuwa limemkaukia mpaka kifuani, kiatu kimoja hana. Mume wangu alikuwa ameivuka mbuga kwa miguu tangu alfajiri, na alipoambiwa kwamba mama mkwe amekaa dirishani, akageuka akautazama ukuta.

"Yule nani?" mama akauliza, ingawa alijua.

"Ni mkwe wako."

Nilingoja avute khanga ajifunike uso. Mkono wake ulikwenda kwenye upindo wa khanga, ukaushika, ukauachia. Akainuka polepole, akasogea mpaka dirishani. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kumtazama, amekuwa akimwona kwa pembeni, kivuli kinachoingia porini.

"Ana kipara," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Na mgongo umepinda."

"Ni kuchomelea."

Nikatoa kichwa dirishani nikasema, "Baba watoto, mama anaona." Mabega ya mume wangu yakaanza kutikisika. Akajifuta uso kwa mkono wenye tope, na kama mtu yeyote ambaye angeambiwa habari ile, akaanza kugeuka.

"Mwambie asigeuke," mama akasema. "Sijamaliza kumtazama."